Kukuza seli shina za kiinitete cha panya: mwongozo kamili, kuanzia kichupa cha kwanza hadi benki ya seli

Kuziweka hai seli shina za kiinitete cha panya si kazi ngumu. Ziweke kwenye midia (kimiminika chenye virutubisho vya seli) ya kawaida yenye seramu, zitagawanyika vizuri tu, na baada ya siku nne au tano sahani itajaa. Ila zilizojaa pale si zile ulizoanza nazo. Nyingine zimeshaelekea kuwa misuli ya moyo, nyingine neva, nyingine utando tu usiojulikana, na kuzirudisha zilikotoka haiwezekani kwa kubadilisha midia. Unachotakiwa kufanya ni kuziacha ziongezeke bila kuziruhusu zichague la kuwa.

Ubaya wake ni kwamba uzembe wa leo hauonekani kesho. Huonekana wiki kadhaa baadaye, jaribio likiwa limeshakula midia, vitendanishi na muda wa watu. Kwa hiyo mambo mawili yatajirudia humu: ratiba isiyoruka siku, na vichupa vya seli changa vilivyogandishwa mapema, kabla hujaanza jaribio lolote.

Zilitoka wapi, na uanze na zipi

Mwaka 1981 Martin Evans na Matthew Kaufman wa Cambridge, Uingereza, walitoa seli hizi kwenye blastosisti ya panya, yaani kiinitete kichanga ambacho bado hakijajishikiza kwenye mji wa mimba. Mwaka huohuo Gail Martin alifanikiwa San Francisco kwa njia yake. Wakati huo zilikuwa lazima zilelewe juu ya tabaka la seli nyingine. Mwaka 1988 ikabainika kwamba protini moja, LIF, inaweza kuziba nafasi ya tabaka hilo, na hapo kazi ikawa nyepesi. Mwaka 2007 Evans, Mario Capecchi na Oliver Smithies walipewa Tuzo ya Nobel kwa njia ya kubadilisha jeni mahususi za panya kupitia seli hizi. Panya wengi waliozimwa jeni fulani ambao unawasoma kwenye makala za kisayansi walianzia kwenye sahani kama yako.

Anayeanza namshauri achukue laini (ukoo wa seli unaoendelezwa maabara) ya E14Tg2a. Ni seli za dume wa ukoo wa 129/Ola, zimetumika tangu miaka ya 1980, na zinakua vizuri kwenye jelatini bila seli walezi, yaani lile tabaka la seli nyingine. R1 na D3 nazo ni nzuri, lakini R1 kwa kawaida hulelewa juu ya seli walezi, na hiyo ni kazi ya ziada kwa mtu ambaye jicho lake bado halijazoea. Seli za jike zenye kromosomu X mbili waachie wazoefu, maana hupoteza X moja kwa urahisi zikiwa kwenye sahani.

Tahadhari moja: usiutumie mwongozo huu kwa seli shina za kiinitete cha binadamu. Zile LIF haizishikilii, na ukizitenganisha moja moja nyingi hufa. Za panya, kinyume chake, zinataka zitenganishwe moja moja.

Inkubeta na chumba

Nyuzi 37, unyevu wa kutosha, na kaboni dayoksaidi asilimia 5. Midia ya DMEM ina baikaboneti nyingi, na baadhi ya maabara huiendesha kwa asilimia 7 na kuendelea. Usibishane na namba iliyo kwenye kioo cha inkubeta. Tazama rangi ya midia. Fenoli nyekundu iliyomo inatakiwa ikae kati ya nyekundu na rangi ya chungwa. Ikielekea zambarau gesi haitoshi. Ikigeuka njano midia imechoka au seli zimezidi.

Walio Nairobi wana jambo lao hapa. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na shinikizo la hewa ni pungufu kwa kama asilimia 18 kuliko Mombasa, kwa hiyo asilimia 5 ya gesi kule si kiasi kilekile cha gesi. Midia huwa na uzambarau kidogo hata kila kitu kikiwa sawa. Kupandisha hadi asilimia 6 kwa kawaida kunatosha.

Beseni la maji ndani ya inkubeta libadilishwe kila wiki kwa maji safi yaliyochujwa ioni. Ukungu mwingi wa maabara huanzia pale, si kwenye midia kama watu wanavyodhani. Kuhusu umeme: inkubeta iliyofungwa vizuri huhimili kukatika kwa muda mfupi alimradi usiifungue. Kinachoharibu seli ni mtu anayefungua mlango kila dakika kumi kuangalia kama zingali hai.

Midia

Kwa mililita 500 za midia ya seramu, changanya ndani ya kabati la usalama wa kibiolojia:

- DMEM yenye glukosi gramu 4.5 kwa lita: ml 409
- seramu ya kijusi cha ng'ombe (asilimia 15): ml 75
- L-glutamini ya milimola 200: ml 5
- amino asidi zisizo za lazima, mara 100: ml 5
- sodiamu piruvati ya milimola 100: ml 5
- beta-mekaptoethanoli ya milimola 50: ml 1
- LIF hadi ufikie yuniti 1,000 kwa kila ml

Kama LIF yako ni yuniti milioni 10 kwa ml, unahitaji mikrolita 50 kwa chupa nzima. Igawanye kwenye tyubu ndogo mara tu ifikapo. Midia iliyokwisha kutiwa LIF ikae kwenye jokofu si zaidi ya wiki mbili, na upashe moto kiasi cha siku hiyo tu. Kuipasha chupa nzima kila asubuhi ni kuiua glutamini polepole. Beta-mekaptoethanoli ni sumu na harufu yake itakufukuza chumbani. Chupa yake kuu ifunguliwe penye kifyonza hewa.

Antibiotiki sijaziweka makusudi. Penisilini na streptomisini huficha uchafu badala ya kuuondoa: bakteria wanabaki wachache wasionekane, mikono yako inazoea uzembe, na siku moja sahani zote zinachafuka kwa pamoja. Bila antibiotiki, kosa la mkono linaonekana kesho yake na unatupa sahani moja.

Seramu ndiyo inayowaangusha wengi. Ni kitu cha asili, kwa hiyo kila mzao (toleo moja la kiwandani) una tabia yake hata kama kampuni ni ileile na lebo ni ileile. Usinunue chupa kumi kwa mkupuo kabla ya kupima. Omba vichupa vya sampuli vya mizao mitatu au minne. Panda seli 1,000 kwenye kila sahani ya sentimita 6, ukitumia kila mzao kwa asilimia 15 na kwa asilimia 30, pamoja na seramu unayoitumia sasa kwa kulinganisha. Baada ya siku sita au saba piga rangi ya fosfatesi ya alkali, kimeng'enya kilicho kwa wingi kwenye seli shina, kisha hesabu koloni, yaani vikundi vya seli vilivyoota. Mzao mzuri una koloni nyingi, zimeshiba rangi, zimejikusanya. Mzao wenye koloni nyingi zilizopauka pembeni ni mbaya kuliko wenye koloni chache nzuri. Ule wa asilimia 30 ndio unaokuambia kuhusu sumu: koloni zikipungua sana pale ukilinganisha na asilimia 15, achana nao. Ukipata mzao mzuri, nunua wa mwaka mzima uuweke nyuzi -20.

Njia ya pili ni 2i, iliyotangazwa mwaka 2008 na Qi-Long Ying, Austin Smith na wenzao. Haina seramu kabisa. Unachukua midia ya N2B27, unatia LIF na vizuizi viwili: PD0325901 ya mikromola 1, inayozuia kimeng'enya cha MEK, na CHIR99021 ya mikromola 3, inayozuia kimeng'enya cha GSK3. Koloni hutoka za duara, safi, zinafanana zote. Inavutia, na ukihitaji seli zinazofanana kweli ndiyo ya kutumia. Ila ina gharama, seli hushika sahani kidogo sana, na kukaa humo muda mrefu hupunguza alama za methili kwenye DNA, pamoja na zile ambazo kiinitete huzihitaji baadaye ili kikue vizuri. Maoni yangu: jifunze jicho kwenye seramu na LIF kwanza. Aliyeanzia kwenye 2i hajawahi kuona koloni ikiharibika taratibu, kwa hiyo siku ikimtokea haitambui.

Jelatini au seli walezi

Jelatini ni rahisi: gramu 1 kwenye lita 1 ya maji safi, ipikwe kwenye otoklevu. Nyingi ya kibiashara hutoka kwenye ngozi ya nguruwe, na wapo wanaopendelea ya ng'ombe; ipo sokoni. Funika uso wa sahani, acha dakika 15 hadi 30 kwenye joto la chumba, ifyonze, weka midia mara moja. Isikauke.

Seli walezi ni fibroblasti za vijusi vya panya vya siku 13 na nusu, zilizozuiwa kugawanyika kwa mitomaisini C (mikrogramu 10 kwa ml, saa mbili hadi tatu) au kwa mionzi ya gama. Mitomaisini C hushambulia DNA yako vilevile kama ya panya: glavu mbili, taka zake peke yake, na seli zioshwe kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) angalau mara tatu kabla ya kuzitumia. Panda 30,000 hadi 50,000 kwa kila sentimita ya mraba siku moja kabla, na zisitumike zikipita siku kama kumi.

Kuyeyusha kichupa

Fanya haraka hapa, na usiwe na kitu kingine mkononi. Andaa kwanza sahani yenye jelatini na tyubu ya ml 10 ya midia yenye joto. Toa kichupa kwenye nitrojeni ya kimiminika ukiwa umevaa kinga ya uso. Kilichozama kwenye kimiminika kinaweza kuvuja nitrojeni ndani na kupasuka kikipata joto. Kitumbukize kwenye maji ya nyuzi 37, kifuniko kikiwa juu ya maji, ukikitikisa polepole. Kikibaki kipande cha barafu cha ukubwa wa punje ya mchele, kitoe, kifute kwa ethanoli ya asilimia 70, na umimine seli tone kwa tone ndani ya midia. Zungusha kwenye sentrifuji kwa g 200 hadi 300, dakika tano, mwaga maji ya juu yenye DMSO (kemikali inayokinga seli zinapogandishwa), changanya upya, panda. Kesho yake asubuhi badilisha midia hata kama zinaonekana nzuri, kwa sababu zilizokufa zinaachia vitu visivyotakiwa.

Kuzitazama

Kila siku, Jumapili pia. Badilisha midia kila siku, na kabla ya kubadilisha weka sahani chini ya hadubini.

Koloni nzuri imeinuka katikati kama kichuguu kidogo, ukingo wake unang'aa, na ndani huwezi kutofautisha seli moja na nyingine. Sogeza fokasi juu na chini uone ule mwinuko. Ukiona seli za pembeni zimeanza kujilaza, zimekuwa bapa, mipaka yake inaonekana mmoja mmoja kama vigae, koloni hiyo imeanza kuondoka. Koloni mbili tatu za hivyo kwenye sahani nzima ni kawaida katika midia ya seramu. Zikiwa robo, kuna kitu: LIF imechoka, sahani ilijaa mno, au seramu imebadilishwa na mtu hakukuambia. Ukiona koloni kubwa ina giza katikati, huko seli zinakufa; umechelewa kuhamisha.

Kwenye 2i vipimo vya jicho ni vingine. Koloni ni tufe tupu, nyingine zinaelea, na anayeziona mara ya kwanza hudhani zinakufa.

Kuhamisha

Seli hizi hujigawa mara moja kila saa 12 hadi 15. Kwa hiyo unahamisha kila baada ya siku mbili, sahani ikiwa imejaa asilimia 70 hivi. Kama ratiba inakubana, ni afadhali kuhamisha mapema kidogo kuliko kuchelewa saa sita.

1. Badilisha midia saa mbili hadi nne kabla. Seli zilizolishwa hustahimili vizuri.
2. Fyonza midia, osha mara mbili kwa PBS isiyo na kalsiamu na magnesiamu. Mabaki ya seramu huzuia tripsini, kimeng'enya cha kutenganisha seli, na mtu asiyeosha vizuri huishia kulaumu tripsini.
3. Weka tripsini-EDTA ya asilimia 0.05, ml 1 hadi 2 kwa sahani ya sentimita 10. Rudisha inkubeta dakika tatu hadi tano.
4. Gonga ubavu wa sahani kwa kidole. Koloni zinatakiwa ziteleze kama ukungu. Tazama kwenye hadubini: bado zitakuwa vifundo.
5. Zima tripsini kwa midia yenye seramu, angalau mara tatu ya ujazo wake. Kisha vuta na kusukuma kwa pipeti mara kumi hadi kumi na tano, ncha ikiwa imekaribia sakafu ya sahani, bila kutengeneza povu.
6. Angalia tena. Unataka seli moja moja. Vifundo vikibaki, endelea mara tano zaidi.
7. Sentrifuji, dakika tano. Changanya upya, hesabu kwa chumba cha kuhesabia pamoja na trypan bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa.
8. Panda 30,000 kwa kila sentimita ya mraba, yaani kama milioni 1.6 kwa sahani ya sentimita 10. Tikisa mbele-nyuma kisha kulia-kushoto. Ukizungusha duara, seli zote zitakusanyika katikati.
9. Andika kwenye sahani: jina la laini, namba ya pasiji (zimehamishwa mara ngapi), tarehe, wewe nani.

Hatua ya 5 na ya 6 ndizo zinazoharibiwa na haraka. Kifundo cha seli thelathini kikipandwa kizima, kesho ni koloni kubwa iliyochelewa tayari. Katikati zinakufa, pembeni zinabadilika. Wengi wanaolalamika kwamba laini yao haitulii wanapanda vifundo. Na hatua ya 8: usigawanye kwa makadirio ya moja kwa sita au moja kwa kumi hadi umehesabu mara nyingi na kujua sahani yako inatoa ngapi. Kupanda chache mno nako ni kosa, maana zilizo peke yake hukua vibaya.

Ukitumia 2i hakuna seramu ya kuzima tripsini, kwa hiyo tumia Accutase, mchanganyiko wa vimeng'enya ulio mpole zaidi, na usiruke sentrifuji. Na ukitaka kuondoa seli walezi kabla ya kutoa RNA, weka mchanganyiko kwenye sahani tupu nusu saa: walezi hushika kwanza, seli shina hubaki zikielea.

Benki kwanza

Kichupa ulichopewa na maabara nyingine si cha kufanyia majaribio. Yeyusha, kuza kwa pasiji mbili au tatu, kisha gandisha vichupa kumi au ishirini vya benki kuu. Kutoka kichupa kimoja cha benki kuu tengeneza benki ya kazi. Majaribio yote yatoke benki ya kazi, na baada ya pasiji kama kumi seli zinatupwa, kichupa kipya kinayeyushwa. Kuna watu wanaona uchungu kutupa seli zinazokua vizuri. Zinazokua vizuri kupita kiasi ndizo za kutiliwa shaka, kama utakavyoona.

Zigandishe zikiwa katika mwendo, siku moja kabla hazijajaa. Milioni 2 hadi 5 kwa kichupa, kwenye seramu yenye DMSO asilimia 10, mchanganyiko ukiwa baridi. Tia kwenye chombo cha isopropanoli ili joto lishuke nyuzi 1 kwa dakika, usiku mmoja kwenye friza ya -80, kisha nitrojeni. Friza ya -80 si mahali pa kuziweka miezi. Baada ya wiki yeyusha kichupa kimoja cha majaribio. Benki ambayo haijapimwa ni benki ya kufikirika. Penye nitrojeni isiyotabirika, gawanya benki kuu katika matangi mawili, ikiwezekana katika majengo mawili.

Ukaguzi

Maikoplazma, bakteria wadogo sana, kila mwezi, kwa PCR (kipimo kinachotafuta DNA yake). Haina ukuta wa seli, hivyo penisilini haiigusi. Ni ndogo kiasi cha kupenya kichujio cha mikromita 0.2, haigeuzi midia kuwa tope. Dalili pekee mara nyingi ni kwamba seli zimepunguza mwendo na matokeo hayarudiki. Laini yoyote mpya ikae inkubeta ya pembeni hadi kipimo kitoke. Ikikutwa nayo, choma, safisha, rudi kwenye benki. Dawa za kuiondoa zipo, lakini tumia kwa laini isiyopatikana kwingine tu.

Kromosomu, kila unapotengeneza benki. Panya ana 40. Koloni yenye kromosomu namba 8 ya ziada hukua haraka kuliko wenzake na kuichukua sahani nzima bila kubadilisha sura. Hiyo ndiyo sababu ya kutilia shaka seli zinazochapa mwendo ghafla. Weka kolsemidi, dawa inayosimamisha seli zikiwa zinagawanyika, saa moja, tenganisha, vimbisha kwa KCl ya milimola 75, fiksi kwa methanoli na asidi ya asetiki tatu kwa moja, dondosha kwenye slaidi, hesabu seli ishirini au zaidi. Kromosomu za panya zote zina umbo moja la kijiti chenye kituo mwishoni, kwa hiyo jicho halitakuambia ni ya ngapi iliyozidi. Hesabu ya 41 itakuambia kuna iliyozidi, na hiyo inatosha kutupa. Kama lengo ni kutengeneza panya, usitumie benki yenye chini ya asilimia 70 ya seli zenye 40.

Alama za seli shina ni rahisi zaidi: Oct4, Nanog na SSEA-1 kwa kingamwili, au fosfatesi ya alkali kwa bei nafuu. Fosfatesi peke yake isikupe usingizi, kwa kuwa seli zilizoanza kubadilika bado huishika rangi kwa siku kadhaa.

Zikianza kwenda mrama

Koloni bapa zikiongezeka, usibadilishe vitu vitano kwa wakati mmoja. Anza na LIF: fungua tyubu mpya, uweke sahani mbili sambamba kwa pasiji mbili. Zisipopona, rudi kwenye seramu ya zamani kama bado unayo. Bado? Fanya kipimo cha maikoplazma. Wakati unasubiri majibu, yeyusha kichupa kingine cha benki ya kazi kwenye midia ileile. Kikikua vizuri, midia haina kosa na laini uliyonayo ndiyo imechoka. Kikiharibika nacho, tatizo liko kwenye chupa, kwenye gesi au kwenye maji, na kuendelea kuyeyusha vichupa ni kuimaliza benki bure.

Kuokota koloni nzuri moja moja kwa pipeti na kuanza upya kutoka humo kunawezekana, na watu hufanya. Mimi hufanya hivyo kwa laini iliyobadilishwa jeni na isiyo na kichupa cha akiba tu, na kila koloni iliyookotwa huhesabiwa kromosomu kabla haijaingia friza.